Paja la Baba Mkwe

Tshibangu alikuwa fundi wa baruti kwenye mgodi wa Musonoi. Mwamba ukipasuka, yeye hapepesi hata jicho. Lakini siku hiyo alitoka mbio mbele ya sindano ya Kalombo, na mkewe Mbelu hakumcheka. Kalombo, muuguzi pekee wa dispensari ya kambi, alikuwa amemwoa binti yao. Tangu ugonjwa wa sukari uanze, alikuwa akimchoma mkwewe insulini mkononi. Sasa mkono ulijaa manundu, Kalombo akasema, macho chini, "Tata, baba yangu, tuhamie paja."

"Mi nivule patalo mbele ya mukwe?" Tshibangu alifoka nyumbani, akiishika suruali yake. "Bora sukari inimalize!"

"Ikumalize na patalo yako," alisema Mbelu. "Tutakuzika umevaa mbili."

Basi Tshibangu alimwomba Kalombo chupa ya insulini, akidai atachomwa na muuguzi wa kambi jirani. Kalombo akampa upesi. Yeye pia hakuwa na hamu na lile paja. Mbelu akatoa kibuyu chenye shingo ndefu. Kwao Kasai watoto wote walikua nacho: homa, minyoo, tumbo, dawa ilipitishwa nyuma na wakapona. Insulini nayo ni dawa, ina kiburi gani?

Kumbe ilikuwa nacho. Baada ya siku chache Tshibangu alikunywa maji ndoo nzima, akatapika, akaanza kuhema kwa nguvu. Mbelu alimtania, hakujibu. Hapo ndipo alipoogopa.

Alikimbia hadi dispensari, akasimama mlangoni na kumpa Kalombo mgongo, kama ilivyo desturi mama akisema na mkwewe.

"Mutoto wangu, tata anakufa. Ile dawa… tuliipitisha… kule anakalia."

Aibu ilimpanda Mbelu mpaka masikioni.

"Yote, mama?"

"Yote."

"Aksanti, mama." Kalombo alikuwa tayari ameshika mkoba. "Kule haifiki kwenye damu. Ungenificha, ningetafuta malaria mpaka jioni."

Alimchoma Tshibangu pajani, kisha gari likawapeleka hospitali. Kesho yake Tshibangu alifumbua macho, akavuta shuka.

"Uliona?"

"Niliona, tata. Paja muzuri."

Mbelu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwa desturi, anayemvunjia mkwe heshima hutoa kuku. Mbelu akampelekea Kalombo kuku wake. Njiani akakutana naye, ameshika kuku wa kumpa Tshibangu, maana yeye naye alikuwa ameliona paja la mkwe. Kila mmoja aligeukia upande wake, wakabadilishana kuku bila kutazamana.

"Aksanti, mutoto wangu," Mbelu aliuambia ukuta wa nyumba ya kando ya njia, na akarudia tena, maana mara moja haikutosha.