Uso wa Upande wa Chini

Tik. Sarafu iligonga kitako cha glasi, na Nafula akafumbua macho. Adhana ilikuwa bado. Ng'ambo ya ukuta mwembamba wa fleti ile ya mtaa wa Al Sadd, katika nchi ya Ghuba, Mama Nazha alikuwa ameshaamka, akipapasa meza kwa vidole vyake vya kipofu.

Bibi kizee huyo alitoka Aleppo. Vita vilimwachia mwana mmoja, aliyekuwa bado amelala chumba cha pili, na sarafu hiyo. Ilikuwa ya dhahabu, ya wafalme wa kale wa Konstantinopoli, nyembamba, imebonyea kama kisosi cha chai. Wanawake wa kwao waliitumbukiza katika maji, wakampa mgonjwa au msafiri anywe. Leo msafiri alikuwa Nafula, mtunzaji wake. Alikuwa anarudi Bungoma kulea mjukuu, kwa kuwa Stacy, bintiye, alifariki akijifungua.

"Kunywa, binti yangu," alimwambia Nafula alipoingia.

Nafula, na mvi zake zote, alipenda kuitwa binti. Akanywa, akaitoa sarafu, akaifuta kwa kanga.

"Leo sijasikia ukiibusu," alisema Mama Nazha.

"Nilimwomba muda wote wa mimba ya Stacy, Mama. Hakunisikia."

"Ulimwomba nani?"

"Yesu. Huyu wa ndani, mwenye taji, aliyeshika msalaba."

"Huyo ni mfalme, binti yangu. Alijichoresha mwenyewe. Yesu yuko chini, upande wa tumbo."

Nafula akaigeuza. Upande ule alikuwa akidhani umeharibika tu. Sasa aliona duara hafifu kuzunguka kichwa, mabega, kitabu kifuani. Mahali pa uso palikuwa pamelainika kama sabuni iliyotumika.

"Kumbe nilikuwa naiomba serikali!" Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikageuka kilio. "Nilikosea mlango, Mama. Nilikosea mlango, mwanangu akafa."

Mikono ya Mama Nazha ilimtafuta hewani mpaka ikampata. Akakishika kidole gumba cha Nafula, akakiweka juu ya ule uso.

"Unadhani nani alimfuta hivi? Mama yangu, kaka yangu alipokufa. Na bibi yangu kabla yake. Hawakukosea upande hao, na watoto wao walikufa vilevile. Aliyepewa hushukuru akaenda zake. Sisi tulionyimwa ndio tuliosugua. Huyo mfalme mguse, bado ana ndevu zake zote."

Nafula alisugua polepole. Dhahabu ilikuwa imepata joto la mikono yao. Lile wazo kwamba kosa lilikuwa lake, alilotembea nalo kifuani tangu aone kuwa hakusikilizwa, likamtoka. Huzuni ilibaki, lakini sasa ilibaki peke yake.

Dereva Mwaura, aliyekuja kumpeleka Nafula uwanja wa ndege, hakupiga honi, asije akaamsha majirani. Alipanda ngazi mwenyewe, akagonga kwa ukucha, akamsalimu Nafula. "Shikamoo, Mama. Hilo begi usilishike, ni kazi yangu."

Nafula alimfunika Mama Nazha shali mabegani. "Chai iko kwenye chupa, sukari nimeshatia." Akairudisha sarafu katika kiganja kile chembamba, safari hii tumbo likitazama juu, akaibusu pale palipofutika, kwa sauti, ili asikike.

Alipofika mlangoni, Mama Nazha aligeuza uso kufuata nyayo zake, kana kwamba Bungoma ni hapo mji jirani wa Al Wakrah tu.

"Uje tena kuniona, Nafula. Uje na mtoto."