Mtoto wa Ndani ya Kioo

Kitu kilichomnyima Kifungua raha tangu utotoni kilikuwa kidogo, ungeweza kukificha kiganjani. Lilikuwa donge la kioo, mviringo juu na bapa chini, la kukandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Ndani yake palikuwa na picha ya mtoto mchanga. Mama yake, mpiga chapa katika kampuni ya bima, alikuja nalo kutoka kazini akaliweka kando ya kitanda chake. Kila asubuhi alilifuta kwa upindo wa nguo, akalibusu, akalitazama. Alilitazama mno, ungedhani siku moja kioo kitayeyuka kwa aibu kimwagike sakafuni.

Ukimuuliza huyo ni nani, alijibu, "Mwanangu. Nani mwingine?"

Na wanawe walikuwa wawili tu: Kifungua, aliyefungua mimba, na Kitinda, aliyeifunga. Mtoto wa kwenye kioo alikuwa na kishimo shavuni, sawasawa na Kitinda. Mashavu ya Kifungua yalinyooka kama yaliyopigwa pasi. Kesi ikaishia hapo. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akajifunza ushonaji nao, akaolewa nao, akapata wajukuu nao.

Mama alipofariki, wakakaa kugawana vitu. Sufuria hazikuleta maneno, wala mashuka. Likabaki donge.

"Hili langu," alisema Kitinda. "Si picha yangu?"

"Chukua. Umeshazoea kuchukua."

"Nimechukua nini chako, dada?"

"Aliyebebwa mgongoni hajui njia ina mawe."

Kitinda akaguna. "Basi twende kwa Mama Vikale, pale nyuma ya soko. Kazi yake ni kuuza vitu vya zamani. Akutajie ni nani, roho yako itulie."

Dukani kwa Mama Vikale saa za ukutani zilibishana, kila moja na wakati wake. Mwenyewe alikuwa anatafuna ubani. Akalipokea donge, akalipima uzito mkononi, akalisogeza dirishani penye mwanga.

"Mmemtambuaje?"

"Kwa kishimo," Kitinda akasema, akatabasamu ili chake kionekane.

Mama Vikale akaliinamisha donge. Kishimo kikaondoka shavuni, kikaenda sikioni. Akaliinamisha zaidi, kikampanda mtoto kichwani.

"Hiki ni kiputo cha hewa, mama. Kilinaswa kioo kikiwa bado moto."

Kifungua akahisi mwiba unalainika. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya blauzi vikaomba msaada.

"Kumbe ni mimi," alisema taratibu, akiyanyonya maneno kama peremende. "Pole, mdogo wangu. Utakuwa unakuja kwangu kuliangalia."

"Usikimbie," alisema Mama Vikale. Akabandua kitambaa cha kijani kilichogundishwa chini, akavaa miwani. "Mengine picha ya karatasi hubandikwa kwa chini, ukichungulia utaona gundi. Hili halina karatasi. Picha imechomewa kwenye kioo cheupe kama maziwa, kisha kioo kingine kikamiminwa juu yake. Na kitako kilivyochubuka, kimesugua meza za watu waliokwishazikwa. Mama yenu alikuwa na umri gani?"

Wakamwambia.

"Basi huyu wa kwenye kioo angeweza kumwita mama yenu mjukuu."

"Sasa ni nani?" Kitinda aliuliza. Kishimo chake kilikuwa kimeshafungwa.

"Mimi nitajuaje? Vitu hivi hunifikia vikiwa yatima."

Wale dada wakatazamana.

"Kila asubuhi alikuwa anambusu mtoto wa watu," alisema Kitinda.

"Nilipougua surua alinipangusa pua haraka haraka, akaenda kumfuta huyo."

"Mimi nimesahauliwa shuleni mvua inanyesha. Yeye hata siku moja hajalowa."

Kwa mara ya kwanza walikuwa na wivu wakiwa upande mmoja, kama wake wenza waliogundua kuna wa tatu. Wakamwachia Mama Vikale donge lake, wakashikana mikono kuelekea mlangoni.

Hapo akaingia mteja, mwanamke wa viatu virefu. Akaliokota donge juu ya meza. "Jamani, katoto kazuri haka," akasema, akalifuta kwa mkono wa gauni.

Mwiba ukasimama kooni mwa Kifungua, mkali kuliko zamani. Akarudi, akalichomoa donge mikononi mwa yule mwanamke.

"Samahani. Huyu ana wenyewe."

"Ni mwanao?"

"Ndugu yetu," Kifungua akasema kwa ukali, kana kwamba amelazimishwa.

Nje, Kitinda akanyoosha mkono. "Nimbebe mimi."

"Utamwangusha."

"Dada, tangu dukani umembeba wewe."

"Na ndimi nitakayemfikisha. Kwangu."

Kitinda akanuna, midomo mbele. Kifungua akamwona anavyonuna, akalifuta donge kwa upindo wa nguo yake, na roho yake ikasuuzika.