Vinguruwe vya Mtakatifu Antonio

Trei zilipotoka tanurini, Otilia alitamani ardhi ipasuke immeze. Vinguruwe themanini, biskuti za sukari guru zenye umbo la nguruwe, vilikuwa vimetandawaa, miguu imeungana na matumbo, masikio hayapo, mikia imekwenda inakojua yenyewe. Mama mkwe wake, Eduviges, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, mkono wa kulia kwenye plasta tangu alipoteleza kwenye ngazi za kanisa. Aliviangalia vinguruwe, kisha akamwangalia mkwewe.

"Hawa ndio wa kumpelekea Mtakatifu?"

"Mama, nimefuata kila ulichoniambia."

"Basi wao ndio hawakukusikia."

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antonio Abate, ambaye sanamu yake ina nguruwe miguuni, na saa kumi jioni padre angebariki wanyama mbele ya kanisa: mbwa, punda, kuku waliofungwa utepe mwekundu shingoni. Kila aliyeleta mnyama hupewa kinguruwe kimoja kutoka nyumba ya Eduviges. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama mkwe wa Eduviges mwenyewe, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa kazi hiyo. Mwaka huu mkono ulivunjika. Otilia, aliyeolewa hapo miaka tisa na kwa miaka tisa akaishia kukuna mdalasini na kuosha vyombo, alikuwa ameomba apewe yeye. Eduviges alikubali kwa sharti moja, tena alilitamka mbele ya jirani yao Rosenda: vikiharibika, kazi inahamia kwa Rosenda, na hairudi.

Rosenda ana jiko la gesi lenye kioo mlangoni. Trei zake alizisugua tangu jana. Aliposikia harufu aliingia bila kubisha, shali mabegani, akainama juu ya meza.

"Shoga, hawa nguruwe au kandambili?"

"Kuna unga mwingine," Otilia alisema.

"Unga upo, na saa je? Nipe tu hiyo sukari, mimi nimeshawasha."

"Rosenda, hebu nenda kwako," Eduviges alisema. "Nikikuhitaji nitakuita."

Aliondoka polepole, huku akijichekea. Otilia alihisi machozi yakimchoma, ila hakutaka kulia mbele ya mtu yeyote, sembuse mama mkwe. Alipasua mabonge ya mwisho ya sukari guru kwa jiwe, akayatia sufuriani pamoja na maji, vijiti vya mdalasini na karafuu. Yalipoyeyuka yote, yakawa meusi na kuchemka kwa mapovu mazito, aliipua akageukia beseni lenye unga, magadi soda na mafuta ya nguruwe. Alikuwa ameshainua sufuria tayari kumimina.

"Weka chini," Eduviges alisema.

"Mama, muda unakwenda."

"Asubuhi ulisali?"

"Nilisali kitandani."

"Sizungumzii kitandani. Mimi sijawahi kugusa unga bila rozari nzima. Wewe unaingia jikoni kama mtu anayepika maharage, halafu unashangaa nguruwe wa Mtakatifu wanakukimbia. Piga magoti."

Otilia angeweza kukataa. Mumewe alikuwa shambani, hakuna wa kumtetea wala wa kumshuhudia. Lakini alijua asipopiga magoti, kesho mtaa mzima utaambiwa vinguruwe viliharibika kwa ukafiri wake. Akapiga magoti juu ya sakafu ya mawe, baridi ya Januari ikampanda mpaka kiunoni, akasali kwa hasira. Eduviges aliongoza bila haraka hata kidogo. Makumi yote matano ya rozari. Kisha litania. Otilia alikuwa anaijibu mikono ikimwasha, jicho kwenye sufuria iliyokuwa imeacha kutoa mvuke zamani.

Walipomaliza alichovya kidole. Ule uji wa sukari ulikuwa vuguvugu, mzito, uking'aa. Akaumimina. Na hapo ndipo alipoona tofauti: mafuta hayakuyeyuka. Asubuhi yalikuwa yamegeuka maji mara moja, donge likawa la kunatanata hata kisukumio kikashindwa. Sasa donge lilijikusanya lenyewe, laini, likaachia vidole. Alilisukuma, akakata kwa kibati chenye umbo la nguruwe, na kila kinguruwe kikanyanyuka kutoka mezani na miguu yake minne.

Alisimama na kibati mkononi. Miaka tisa alidhani rozari ile ni uchamungu wa mama mkwe tu, kwa hiyo asubuhi aliiruka na kumimina sukari ikiwa inatokota.

Alipakaa yai, akasukuma trei ndani, akakaa chini mbele ya mlango wa tanuri asibanduke. Vilipotoka vilikuwa vya rangi ya ngozi ya kiatu kipya, mashavu yamevimba, masikio yamesimama. Rosenda alikuwa amerudi kuulizia. Alichukua kimoja, akavunja mguu, ukalia kwa mlio mkavu. Akautafuna wote.

"Bikira amekusikia," Eduviges alisema.

"Amenisikia, mama. Lakini pia sukari ilipoa. Asubuhi niliimimina ya moto, mafuta yakayeyuka. Rozari ndiyo inayoipa muda."

Otilia akadhani amevuka mpaka. Eduviges alitazama sufuria, akatazama sakafu, kisha akaanza kucheka mpaka plasta ikagonga mkono wa kiti.

"Miaka arobaini na mbili," alisema akijifuta macho. "Mama mkwe aliniambia sali kwanza, nikasali, magoti yakaota sugu. Kumbe nangoja sufuria ipoe."

"Na rozari je?" Rosenda aliuliza.

"Tutaisali. Ila kuanzia leo tutakaa kwenye viti. Wewe nenda kazime gesi yako."

Saa kumi uwanja wa kanisa ulijaa. Otilia alibeba kikapu kwa mikono miwili, na Eduviges akatembea hatua moja nyuma yake, jambo ambalo kila mtu aliliona. Padre, maji ya baraka yakimtiririka kwenye kiwiko, alikula kimoja palepale, akachukua cha pili.

"Bi Eduviges, mwaka huu umejipita mwenyewe."

"Mimi nimevunjika mkono, Padre," Eduviges alisema, kwa sauti ya kusikika juu ya mbwa wote. "Hivi ni vya Otilia. Na mwakani pia ni vyake."