Magodoro ya Mashua Yalale Wapi

...na kidole cha kati kimefika, cha shahada bado, mkono wa Taisto umezama mpaka kwapani nyuma ya tangi la dizeli na shavu lake limelala kwenye mbao za ngama, chini kabisa ya mashua, ndiyo, tundu hili hapa, analigusa, tundu la waya wa taa ya nyuma, dogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka zake angelipuuza, lakini panya hapuuzi kitu, penseli ikipita na panya kapita, kila mwenye mashua kwenye gati hili analijua hilo, basi zije nyuzi za chuma, hizi hizi za kusugulia masufuria, zisokote, zisukume, panya hutafuna mbao, hutafuna plastiki, mwaka juzi walimtafunia Arvo hata kipande cha sabuni, ila chuma kinawakera meno, sukuma tena, taratibu, mkono usije ukakwama waitwe zimamoto na mji mzima upate cha kusimulia mpaka Pasaka... "Taisto! Nauliza haya magodoro, niyapeleke kwako au kwangu?" ...hiyo ni sauti ya Helvi, huko nje, chini, ng'ambo ya turubai, na ni mara ya pili anauliza, na kwa mara ya pili Taisto amejifanya hajasikia.

Si uongo mkubwa, ndani ya mashua iliyofunikwa turubai mtu hasikii vizuri, na masikio ya miaka sabini na moja yana ruhusa zake, aliendesha treni za magogo maisha yake yote, nani atamlaumu, tena yuko kazini, kazi anayoipenda kuliko zote za mwaka ingawa hajawahi kumwambia mtu, watu husema wanapenda kuishusha mashua majini mwezi Mei, yeye anapenda hii ya kuilaza, ziwa limeanza kushika ukoko wa barafu pembeni, mashua imesimama nchi kavu juu ya miguu yake ya mbao, na yeye ndani anaifunga kama mtu anayemfunika mtoto, mapazia yameshuka, taulo zimeshuka, maboya ya kuvaa, karatasi za chooni, kiberiti, majani ya chai, kila kilicho laini na kila kinacholiwa kimetoka, milango ya makabati yote iko wazi ili baridi itembee itakavyo na panya asipate pembe ya kujifichia, ekzosi imezibwa, mashimo ya kutolea maji yamezibwa, miguu ya mbao imepakwa grisi nene ili apandaye ateleze, bado tundu hili moja, halafu ngazi iondolewe, kwa sababu mtu anaweza kuziba mashua nzima kama benki kisha akaacha ngazi imeegemea ubavuni, na panya si mjinga, atapanda kwa ngazi kama bwana mkubwa... na kuna kahawa kwenye chupa, na mkate mtamu wa iliki aliouoka Helvi asubuhi, harufu yake imeishinda hata dizeli, na Taisto ana furaha, kwa kweli ana furaha, angekuwa na furaha kamili kama si hilo swali.

Kwani ni swali gani, swali la mzigo tu, magodoro manne ya sponji yako ndani ya gari la Helvi, lazima yalale mahali pakavu mpaka Mei, kwake kuna chumba kizuri ghorofani, anauliza ili ajue akate kona ipi, kushoto au kulia, mwanamke aliyepika shule ya msingi miaka yote ile, watoto mia tatu kila siku, hana muda wa mafumbo... lakini Helvi haulizi kitu mara mbili, hapo ndipo penye shida, chakula alikuwa akitangaza mara moja tu, asiyesikia ashinde njaa, na leo ameuliza mara mbili, na Helvi anajua magodoro haya hulala wapi kwa Taisto, aliyaona, Mei hii hii, mgongo ulipomkamata Taisto akaja kama jirani kumsaidia kubeba, akaingia mpaka chumbani kabla hajazuiwa, na pale kitandani, upande wa ukutani, upande wa mkewe Aune, magodoro manne ya mashua yamelazwa yamepangana, yamefunikwa blanketi mpaka shingoni, kama godoro lina shingo, na Taisto kasimama mlangoni anatamani sakafu immeze, mke amekufa na yeye analala na vyombo vya mashua, mtu mzima, na Helvi akayatazama, akatazama ule upande mwingine uliovurugika, akasema, "Yanalala vizuri kuliko mimi," akabeba mawili, akatoka, hakulitaja tena jambo hilo, wala Juni alipopanda mashua avushwe tu kwenda kisiwani kwa dada yake, na hakushuka tena mpaka leo, yaani alikuwa akishuka jioni ili watu waone ameshuka, asubuhi yuko gatini na kikapu chake, na Taisto ameshapasha injini moto... "Huyo amelala humo, Helvi!" ...Arvo huyo, mwenye mashua ya jirani, yupo hapo chini anapaka grisi miguu ya mbao ya mashua yake na hakuna neno lipitalo gatini asilolipaka nalo... "Mgongee ubavu, atazinduka!" "Wewe Arvo paka grisi yako," Helvi anasema, bila hasira, "mtu anafanya kazi," halafu anakohoa, na kile kikohozi ni cha mtu anayesubiri jibu na ameamua hatauliza tena.

Lakini hayakuwa magodoro mwanzoni, angeweza kumweleza, kama angekuwa mtu wa kueleza, lilikuwa sweta, jekundu, Aune alilifuma mwenyewe akawa analiacha mashuani kwa ajili ya jioni za baridi, limening'inia kwenye msumari karibu na mlango wa chumba, na Aune alipokufa ilikuwa Septemba, na mwezi uliofuata watu wa gati wakamsaidia kuipandisha mashua, na yeye hakutoa kitu, hakuziba kitu, kila mmoja aliona na hakuna aliyethubutu kumwambia, alisema moyoni sweta libaki pale pale lilipowekwa na mkono wake, nisiliguse, likae, na ziwa likaganda, na theluji, na Aprili akafungua turubai akakuta msumari mtupu... alilitafuta kama mwehu, akalikuta kwenye kabati la omoni, mbele kabisa ya mashua, si sweta tena, kiota, nyuzi nyekundu zimechambuliwa kwa ustadi kuliko zilivyofumwa, na katikati vitoto vya panya, visivyo na manyoya, vimelaliana macho yamefumba, na Taisto alikuwa na koleo la theluji mkononi, aliliinua kabisa koleo, kisha likamshinda, akakaa sakafuni akalia kilio ambacho hakukilia hata kanisani, halafu akabeba kile kiota chote kwa mikono miwili akakipeleka kwenye banda la kuni, bure kabisa, mama yao atakuwa amekwishakimbia, na tangu hapo hakuamini tena banda, wala dari, wala kabati, kilicho laini cha mashua kinalala alalapo yeye, akinyoosha mkono usiku akiguse, na kinuke moshi na maji ya ziwa, na watu waseme wanavyosema.

Na Helvi anasubiri... akisema kwako, yaani kwake Helvi, atasikiaje, atasikia nichukulie mzigo wangu unihifadhie, mimi na wewe ni wa kiangazi, tutaonana barafu ikiyeyuka, na akisema kwangu basi ndiyo hayo, gari litasimama mlangoni, Helvi atayabeba mawili mawili mpaka chumbani kwa sababu njia anaijua, atayalaza upande wa ukutani kwa mikono yake mwenyewe, atayafunika blanketi, hatasema neno, na atakwenda zake, na hatakuja tena na mkate wa iliki, atakuja na mkate mweusi kama jirani mwingine yeyote... vipi swali dogo namna hii halina jibu la neno moja, watu wa huku wanapenda jibu la neno moja, yeye na Aune walioana kwa maneno matano hivi, tena mawili yalikuwa ya kasisi... na hapo, mkono bado ndani ya giza, kidole bado kinasukuma, kinamjia kitu ambacho miaka yote hakikumjia, kwamba wale panya walau walilala ndani ya lile sweta, baridi yote ile ziwa linapasuka kwa kuganda, vile viumbe vilikuwa na joto, joto la sufu ya Aune, na yeye mlinzi alikuwa na nini, sponji, amelinda sponji kwa miaka, ameziba matundu yote ya mashua mpaka na ya nyumba, mpaka na la kinywa chake, na anampenda huyu mwanamke, ndiyo, neno ndilo hilo, limemkuta akiwa na uso ngamani kama samaki, anampenda Helvi wa jikoni, na Aune hajambo alipo, Aune asingependa kulaliwa nafasi yake na vitu vinavyonuka dizeli, Aune mwenyewe angemwambia funga mdomo wako kwa nyuzi za chuma kama huna la maana, na kama unalo, sema...

"Helvi!" anasema, na sauti yake inagonga mbao inamrudia. "Naam." Karibu kabisa, kumbe amesimama hapo hapo chini ya ubavu. "Yapeleke kwako!" ...na huko nje viatu vya Helvi vinageuka kuelekea garini, na tayari anajua limetoka vibaya, limetoka kama agizo la stesheni, ongeza kitu, upesi... "Kwangu hakuna nafasi!" ...Mungu wangu, hilo ndilo limeua kabisa, na mlango wa gari umelia, na yeye hawezi kuinuka, kiwiko kimebanwa na tangi, ataondoka, ataondoka huyu na mimi nimelala hapa... "Nafasi ni yako!" anapiga kelele, kelele za treni, hajapiga hivi tangu astaafu, "Kitandani! Upande wa ukutani! Njoo na mto wako, Helvi, njoo leo!" ...na brashi ya grisi ya Arvo imesimama, na mtu mwingine mbali aliyekuwa akigongelea msumari ameacha kugongelea, gati zima linasikiliza, wazee watupu wenye mikono michafu, na Taisto amefumba macho, na Helvi anasema, polepole, sauti yake ina kitu ndani ambacho hajawahi kukisikia, "Na paka wangu je?" ...paka, paka wa Helvi, jitu la manyoya ya kijivu, ndilo sababu nyumba ile haijawahi kuonwa na panya... "Aje!" anasema Taisto. "Paka naye aje!" "Sasa jamani," anadakia Arvo, maana hawezi, kukaa kimya ni ugonjwa kwake, "mkimhamisha paka, hayo magodoro huko yatalindwa na nani? Si yataliwa yote?" ...na Helvi anacheka, anacheka kile kicheko cha jikoni cha kusikika mpaka uwanjani, na ndani ya mashua Taisto hajasogea hata inchi, shavu kwenye ngama, mkono mpaka kwapani nyuma ya tangi, nyuzi za chuma vidoleni, tundu bado halijazibika sawasawa, na yaliwe, anawaza, na anashangaa anavyowaza kwa raha, yaliwe yote manne mpaka na vitambaa vyake, Mei tutanunua mengine.