Shingo ya Mzee Dalijan

Mwaka ule nywele za wanaume wa kijiji chetu cha Ngrandu ziliota mpaka zikafunika masikio. Mwenyekiti wa kijiji alizibana zake chini ya kofia ya kazi, zikachungulia pembeni kama mabua yanayotoka kwenye gunia lililojaa kupita kiasi. Mwalimu wa madrasa alianza kufanana na mpiga gitaa. Hata Mujiyo mfuga bata, ambaye tangu ujanani alikuwa na kipara cha kuheshimika, aliziachia zile chache zilizokizunguka zikaning'inia kama matamvua ya mkeka. Aliyetutazama kwa mbali angedhani kijiji kizima kimeweka nadhiri. Hatukuwa na nadhiri yoyote. Tulikuwa na kinyozi, na tulikuwa tunamwogopa.

Kinyozi mwenyewe, Wagiran, alifungua kibanda chake kila asubuhi kando ya ukuta wa kituo cha afya, karibu na maegesho ya pikipiki. Alitundika kioo, akapangusa kiti, akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, kisha akakaa kwenye kiti kile kile cha wateja na kujitazama. Sisi tulipita upande wa pili wa barabara, tukimsalimu kwa uchangamfu na kukaza mwendo.

Kwenda kwa kinyozi wa mjini hatukuthubutu, na sababu yake ilikuwa Bi Sarjinem.

Bi Sarjinem alikuwa mmoja wa wanawake waliojitolea kukisaidia kituo cha afya katika kazi ya kuwatembelea watu waliowahi kuugua akili. Aliwafuata majumbani, akahakikisha wamemeza dawa, akawasindikiza kliniki, akawatuliza mama zao, akawakemea majirani waliochungulia dirishani. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote na kwa mdomo wote, na mdomo ulikuwa mkubwa kuliko moyo, ingawa moyo nao haukuwa mdogo. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba Wagiran amepata nafuu, anarudi kwenye kazi yake, na kwamba mwanamume mwenye utu atanyolewa kwake. Akauliza nani anapinga. Tukatazama vidole vya miguu yetu. Akauliza nani anakubali. Mikono yote ikapanda. Tangu siku hiyo, aliyeonekana na kisogo kipya alijua atasimamishwa njiani aulizwe kimetengenezwa wapi. Basi tukafuga nywele.

Si kwamba tulimchukia Wagiran. Zamani ndiye aliyetunyoa sote, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama unyoya. Kisha zikamjia sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia. Zilimtukana, zikamwamuru, zikamnyima usingizi, hata mama yake, Bi Ponirah, akamfungia katika chumba cha nyuma, akawa anampitishia sahani ya wali chini ya mlango huku akilia upande wa pili. Bi Sarjinem ndiye aliyeufanya mlango ule ufunguliwe. Alikaa pale siku baada ya siku akizungumza na ubao wa mlango, mpaka Bi Ponirah akachoka kumsikiliza, akautoa ufunguo. Hilo ni lake, na hakuna awezaye kumnyang'anya.

Hospitali ya mjini ilimtibu Wagiran, na kituo chetu cha afya kikaendelea na sindano na vidonge. Muuguzi wa hapo, binti mmoja mpole aitwaye Ratri, alimfundisha namna ya kuzifukuza sauti kila zinapomjia. Azibe masikio, aseme kwa uthabiti, "Nenda zako. Sitaki kukusikia. Wewe ni sauti ya uongo." Walifanya mazoezi pamoja, na aliyeyasema maneno hayo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Bi Sarjinem.

Kliniki nako alikuwa mbele. Ratri akimuuliza Wagiran amelalaje, Bi Sarjinem alijibu kwamba amelala vizuri. Anakula? Anakula kama mkulima wa mpunga. Dawa zinamsumbua? Hazimsumbui hata chembe. Wagiran alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtazamaji wa mpira wa vinyoya aliyekaa usawa wa wavu.

Nyumbani kwa Bi Sarjinem mambo hayakuwa tofauti. Mumewe, Mzee Dalijan, alikuwa mlinzi mstaafu wa kivuko cha reli. Maisha yake yote alifunga lango treni ikija na kulifungua ikipita, na katika ndoa alifanya hivyo hivyo. Mgeni akimuuliza mzee hali yake, mkewe alijibu kwamba magoti yanamsumbua, na mzee aliyatazama magoti yake kwa mshangao.

Kiti kiliendelea kukaa kitupu. Bi Sarjinem alituzungukia mmoja mmoja, nasi tukampa sababu zetu. Mwenyekiti alikuwa na mafua, na kichwa chenye mafua hakinyolewi. Mwalimu alidai mkewe anazipenda nywele zilivyo. Mujiyo alikuwa anasubiri siku njema kwenye kalenda ya wazee, na siku hiyo ilikuwa ngumu kupatikana. Wakati huo huo Bi Ponirah alikuja kituoni akitetemeka. Wagiran, alisema, ameanza kwenda mwenyewe kwenye chumba cha nyuma akitoka kazini, na siku hizi anaufunga mlango kwa ndani.

Siku ya soko, Bi Sarjinem alisimama mbele ya meza ya Lasmi, muuza tempe za soya iliyochachushwa, akaulaani woga wa wanaume wa kijiji kile. Lasmi alimsikiliza huku akifunga tempe kwenye jani la mgomba.

"Na wa kwako je, Bi?" akauliza. "Mzee Dalijan ananyolewa na nani?"

Ukweli ni kwamba Bi Sarjinem alikuwa akimnyoa mwenyewe jikoni, kwa mkasi wa kukatia vitambaa, na kichwa cha mzee kilifanana na shamba lililotembelewa na panya.

"Mzee wangu ana mafua," alisema Bi Sarjinem.

"Haya mafua ya mwaka huu," akasema Lasmi, akimkabidhi kifurushi chake, "naona yanawapenda wanaume watupu."

Bi Sarjinem alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Neno lile la mafua lilimtoka kabla hajalifikiria, laini, limeshaiva, kama lilikuwa likisubiri zamu yake nyuma ya ulimi. Miezi yote ile alikuwa ameiona hofu ya kila mtu kijijini isipokuwa moja, iliyolala kitandani mwake na kunyolewa jikoni kwake. Alimpenda Wagiran kama mwana. Alimwamini kwa dawa, kwa ufunguo, kwa sahani ya wali. Kwa shingo ya Mzee Dalijan hakuwa amewahi kujiuliza, na sasa alipojiuliza, jibu halikumpendeza.

Asubuhi iliyofuata alimwambia mumewe avae shati safi, anakwenda kunyolewa kwa Wagiran. Mzee Dalijan akavaa shati. Alipofika mlangoni tu ndipo aliporudi ndani, akaivua saa yake ya enzi za reli na kuiacha juu ya kabati, mahali ambapo mtu angeiona kwa urahisi.

Habari ilikuwa imewatangulia. Ghafla kila mtu alikuwa na shughuli karibu na kituo cha afya. Mujiyo aliwaswaga bata wake barabarani, ambako hawakuwa na la kufanya. Mwenyekiti alikuja kupima shinikizo la damu, ambalo bila shaka lilikuwa juu.

Wagiran alimketisha mzee, akamfunga shuka, akakitazama kile kichwa kwa muda mrefu, kama fundi anayeletewa saa iliyokwisha kufunguliwa na mtoto. Kisha mkasi ukaanza kulia. Bi Sarjinem alisimama begani kwa kinyozi. Alimwambia aanze kisogoni. Alimwambia asiende mbio. Alimuuliza kama amekunywa maji, kama amekula, kama ameona kovu lile nyuma ya sikio. Alisema kwa sababu akinyamaza angeusikia moyo wake. Na povu la sabuni lilipopakwa kooni, na wembe ukafunguliwa, maneno yakawa yanakanyagana kutoka.

Wagiran akausimamisha mkono. Akarudi nyuma hatua moja. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, wembe ukichomoza kati ya vidole na kumeta juani, akafumba macho.

"Nenda zako," akasema kwa uthabiti. "Sitaki kukusikia. Wewe ni sauti ya uongo."

Sisi tuliokuwa ng'ambo ya barabara tuliacha kupumua. Ratri alichomoka mlangoni na pampu ya kipimo cha shinikizo mkononi, na kwenye ncha ya pili ya mpira alifuata mwenyekiti, bado amefungwa mkono. Bata hata mmoja hakutoa sauti. Mzee Dalijan, koo lake jeupe kwa povu, hakutikisika. Alikuwa amezoea kukaa kando ya vitu vinavyopita kwa kishindo.

Bi Sarjinem alifunga mdomo.

Wagiran akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akasikiliza. Akaridhika. Akarudi kwenye kiti, akaliinua lile koo kwa kidole kimoja, akalinyoa kutoka chini kwenda juu kwa mistari mirefu, na hapakusikika kitu isipokuwa wembe ukikwangua. Alipomaliza, mzee alikuwa na sura ambayo hatukuwa tumeiona tangu treni ya mwisho.

Ndipo Bi Sarjinem alipomsogelea Wagiran, akauliza kwa sauti ya chini, "Zimekurudia, mwanangu?"

"Hapana, Bi."

"Sasa ulikuwa unamfukuza nani?"

"Wewe." Wagiran akausuuza wembe kwenye bakuli. "Nilijua ni wewe. Sauti zangu hunitukana, lakini haijatokea hata moja ikaniuliza kama nimekunywa maji."

Mzee Dalijan alijigeuza mbele ya kioo, akalipapasa shavu lake.

"Yale maneno, Wagiran," akasema. "Nifundishe na mimi."

Kicheko kilivuka barabara kabla yetu, nasi tukakifuata. Mwenyekiti, mpira ungali mkononi, ndiye aliyewahi kiti. Mchana ule kijiji kizima kilionekana masikio.

Bi Sarjinem hakuwepo kuyaona. Alikuwa amekwenda nyumbani, akamenya mihogo mingi kuliko iliyohitajika, asiseme na mtu. Hakusema kesho yake. Alipita sokoni bila kumkosoa yeyote, hata Lasmi akaingiwa na wasiwasi, akaenda kituoni kutoa taarifa kwamba Bi Sarjinem hayuko sawa, amekuwa kimya, na ugonjwa huanza hivyo. Kwa hiyo Ratri akafanya lile ambalo Bi Sarjinem aliwafanyia wengine miaka yote. Alimfuata nyumbani, akakaa kizingitini, akamuuliza kama analala vizuri.

Bi Sarjinem alitazama kando, kama anayemtafuta mtu wa kumjibia. Hapakuwa na mtu. Ilimchukua muda kugundua kwamba swali ni lake.

"Alinifukuza mbele za watu," alisema hatimaye. "Mimi, niliyemfungulia mlango."

"Ulimfungulia kweli, Bi," akasema Ratri. "Lakini bado umesimama mlangoni."

Bi Sarjinem alitaka kujibu, na jibu alikuwa nalo, refu. Akamkaribisha mihogo.

Siku ya kliniki alimsindikiza Wagiran kama kawaida, akakaa pembeni yake, akaishika pochi yake kwa mikono miwili. Ratri akauliza Wagiran analalaje. Kimya kikaingia chumbani, kikakaa. Bi Sarjinem aliuona ukuta, akaiona picha ya mama anayenyonyesha, akaona mjusi. Alidhani atapasuka.

"Nalala," akasema Wagiran polepole, akimtupia jicho kuhakikisha. "Lakini ule mkono wa kulia. Hutetemeka asubuhi. Nadhani ni dawa. Ukifika mchana unatulia. Nilitaka kusema tangu zamani, sikupata nafasi."

Daktari aliitwa, na dozi ikarekebishwa, na ikakubaliwa kwamba kibanda kitafunguliwa baada ya sala ya adhuhuri mpaka mkono utulie. Bi Sarjinem, ambaye kila siku alfajiri ndiye aliyekuwa akigonga mlango kumwamsha kinyozi awahi kazini, alisikiliza yote hayo.

"Mzee wangu," akasema walipokuwa wakitoka, "ulimnyoa asubuhi."

"Asubuhi, Bi."

"Na mkono?"

Wagiran akafikiri. "Ulikuwa unatetemeka," akasema. "Mpaka uliponyamaza wewe."

Bi Sarjinem alikaa kwenye benchi la wagonjwa kwa muda, bila kuumwa popote.

Mvua za kwanza zilipokuja, kibanda kilikuwa na paa jipya la bati na wanaume chini yake wasiokuwa na nywele za kukata. Mzee Dalijan alikwenda karibu kila mchana. Mkewe alimwambia kichwa hakihitaji, kisha akaacha kumwambia. Siku moja alikuwa kituoni akikunja vitambaa vya kupimia watoto uzito, akatazama nje kupitia dirisha. Mumewe alikuwa kitini, amejaa povu, na alikuwa anazungumza. Si neno moja moja, kama desturi yake ya mlinzi wa lango. Alizungumza kwa mikono chini ya shuka, akaonyesha kitu kirefu, akaonyesha kitu kilichoanguka, na Wagiran akauliza, naye akaendelea. Kioo cha dirisha kilikuwa kinene na mvua ilipiga bati, hivyo hata neno moja halikumfikia. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Aliutazama. Akaendelea kukunja.

Huko nje Mzee Dalijan alifika mwisho wa kisa chake, akacheka, kichwa kimelala nyuma kabisa, koo lote wazi kuelekea bati. Na Wagiran akauinua wembe kando, akausubiri ule mcheko umalizike.