Chai ya Mkwe

Katika hoteli ya Bi Mwanakhamisi, mfanyakazi mpya alianza kazi kwa kula. Aliketishwa kwenye benchi la katikati, pale ambapo macho ya soko zima la Mbeya yaliweza kumfikia, akawekewa chai, maandazi na bakuli la maharage, akakatazwa kunyanyua hata sahani tupu.

"Leo wewe ndiye mteja," Bi Mwanakhamisi alimwambia Sekela. "Onja uchungu wa kungoja, uonje na utamu wa kutazamwa. Chai kila mtu anayo kwake, mwanangu. Huku watu hufuata uso."

Uso ndio uliokuwa sheria ya nyumba ile. Mteja atazamwe machoni, aitwe kwa jina, aulizwe hali ya aliyemwacha nyumbani. Mengine yote, ya kwetu hivi na kwetu vile, yabaki nje pamoja na matope ya viatu. Bi Mwanakhamisi, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na bidhaa kichwani asishuke tena, alikuwa amewafunza hivyo wasichana wengi, na aliyeshindwa aliagwa kwa heshima. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hoteli.

Sekela alitoka milima ya Tukuyu. Mumewe, Yotamu, alikwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo haikurudi hata salamu ya mdomo. Shamba lake likakabidhiwa kaka yake. "Nimechoka kula kwenye chungu cha shemeji," Sekela alisema siku alipoomba kazi. "Mume wangu nitamngoja, mama, lakini nitamngoja nikiwa nimesimama."

Umbea wa sokoni nao hauna miguu mifupi. Ulipanda lori la ndizi, ukafika Tukuyu kabla Sekela hajazoea kubeba sinia.

Asubuhi aliyoachiwa meza peke yake kwa mara ya kwanza, ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima. Ndani, Sekela alikuwa aking'ara. "Karibu, Baba Damari! Goti limepoa?" Wateja walicheka kwa raha, na Zuena, mhudumu wa siku nyingi, akamnong'oneza mwenye hoteli kwamba huyu asipoangaliwa atajitwalia hoteli. Bi Mwanakhamisi aliinyoosha kanga yake kwa fahari.

Ndipo mlangoni akatokea mzee mwenye koti jeusi na fimbo. Sekela aliinua macho amkaribishe. Sinia likamponyoka. Kabla vikombe havijamaliza kuvunjika, alikuwa amejitupa nyuma ya magunia ya mkaa, kanga imemfunika hadi utosini.

"Lo, kapatwa na kifafa?" mchuuzi mmoja akauliza.

"Kifafa gani? Kaona jini!" akajibu Selemani, dereva wa lori, na kicheko kikalipuka.

Bi Mwanakhamisi alimwinamia kwa sauti ya chini yenye makali. "Simama. Mteja yuko mlangoni."

"Siwezi, mama. Ni baba yake Yotamu."

"Basi mpe shikamoo yake!"

"Kwetu mke wa mtoto hamtazami mkwe, wala mkwe hamtazami yeye. Tukikaribia kukutana njiani, naingia majanini mpaka apite. Hata kanisani, nyumba moja, Mungu mmoja, mimi natazama chini."

Pale mlangoni mkwe huyo, Mzee Abrahamu, alikuwa ameisikia sauti. Aligeuka upesi kama aliyemwagiwa maji ya moto, akalishika benchi dogo la pembeni, akaliburuta na kuketi akiupa uso wake ukuta.

"Mama mwenye nyumba," aliuambia ukuta, "yupo hapa binti wa nyumba yangu. Mwambie nimemfuata. Lori linaondoka sasa hivi."

Bi Mwanakhamisi akageukia magunia. "Anasema amekufuata."

"Mwambie siendi."

"Anasema haendi, mzee wangu."

"Mwulize, mke wa mwanangu anawachekea wanaume sokoni kwa ruhusa ya nani?"

"Mwambie, mikono iliyolima shamba la Yotamu ndiyo hii inayobeba chai. Akirudi atanikuta. Na atakuta nakula jasho langu."

"Bi Mwanakhamisi," Selemani akasema, "leo umekuwa simu ya posta!"

Safari hii hakucheka mtu. Bi Mwanakhamisi, aliyependa maneno ya watu kuliko asali, aliyasikia haya yakipita kinywani mwake bila ladha ya umbea. Alimtazama msichana aliyejikunja sakafuni, akautazama mgongo wa mzee. Katika miaka yote ya kufundisha nyuso, hakuwahi kuona mteja aliyepewa heshima kama huyu ambaye mhudumu wake hakuthubutu kumtazama. Sheria yake, aliyoiona pana kama anga, kumbe ilikuwa na kizingiti.

Zuena alikwisha nyakua birika. Bi Mwanakhamisi akamshika mkono.

"Acha. Meza ni ya Sekela."

"Lakini si umesikia mila yao, mama?"

"Sikusema amtazame. Nimesema amhudumie." Kisha akapaza sauti ukuta usikie. "Mzee wangu, kwangu anayeingia hunywa kwanza. Nikuletee nini?"

Nje utingo alikuwa akiwaita abiria wa Tukuyu. Mzee aliiegemeza fimbo yake ukutani.

"Chai," akasema.

Nyuma ya magunia, kanga ilitikisika. Sekela aliinuka polepole, uso umefunikwa, akaichukua birika mkononi mwa Zuena, akamimina kikombe kimoja. Wateja walivuta magoti kumpisha. Hakuwahi kumkaribia mkwe wake kiasi kile tangu aolewe. Alifika nyuma ya mgongo wake, akapiga goti, akakiweka kikombe mwisho wa benchi kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume.

Mzee alingoja nyayo zitulie. Akapapasa kwa kiganja, akakipata kikombe. Utingo akaita tena, kisha lori likanguruma, likaondoka. Mzee hakugeuza kichwa. Alipuliza, akanywa funda moja, akalimeza taratibu.

"Mama mwenye nyumba," akauambia ukuta, "mwambie sukari haijakolea."

Bi Mwanakhamisi akafungua kinywa aupeleke ujumbe. Sekela alikwisha fungua kopo la sukari.