Usingizi wa Sabiri

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama mkwe wangu, Bi Asmahani, husema hata chumvi naionja mara mbili. Kwa hiyo wakili Edgar alipokuja nyumbani kwetu Ngamiani na kuniambia kwamba mume wangu atajitetea kwa usingizi, nilimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sabiri hutembea akiwa amelala," alisema. "Si kweli?"

Ilikuwa kweli. Tangu tuoane nimemkuta mara nyingi uani akichota maji, macho wazi, hanijui. Na sasa kaka yake, Idarusi, aliyekaa chumba cha mbele, yuko kaburini kwa pigo la mchi wa kinu. Walikuwa wakigombania nyumba hiyohiyo waliyoachiwa na baba yao. Sabiri aliapa kwamba alizinduka na mchi mkononi, hakumbuki kingine.

Siku ya ushahidi wangu nilimkuta Bi Asmahani mlangoni mwa mahakama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanishika mkono, machozi yakimtoka. "Hafsa mwanangu, nimeshazika mmoja. Usinizikishe na wa pili."

Mungu anisamehe, nilishuku hata machozi yale.

Nikashika msahafu, nikaapa. Wakili wa serikali, Anjela, alikuwa mpole mno, na wapole ndio ninaowaogopa.

"Bi Hafsa, unajuaje kama mumeo ametoka akiwa usingizini, au akiwa macho?"

Hilo nalo la kuuliza? "Kwa mbu," nikasema. "Akitoka akiwa macho, kama kwenda kuswali alfajiri, huchomeka chandarua chini ya godoro pande zote, nisiumwe. Akitoka akiwa usingizini hukiacha wazi. Mbu wa Ngamiani hawana adabu, wao ndio huniamsha, nami humfuata nikamrudisha kitandani."

Watu wakacheka. Wakili Edgar aliandika kitu, uso umemng'aa.

"Na siku aliyouawa Idarusi, mbu walikuamsha?"

Ndipo nilipoukumbuka usiku ule. Niliamshwa na mayowe ya wapangaji wetu. Nilikurupuka, nikahangaika na chandarua, nikakivuta mpaka kamba ikakatika, kwa sababu kiligoma kutoka chini ya godoro.

Katika kesi ile nilimshuku kila mtu, wakili, wapangaji, mama aliyefiwa. Sabiri sikumshuku. Nilimpenda, na bado nampenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilimtazama kizimbani. Asubuhi nzima hakuniondolea macho, lakini sasa alikuwa akitazama sakafu.

"Bi Hafsa?"

"Hapana," nilisema. "Hawakuniamsha."

"Kwa nini?"

Nyuma yangu Bi Asmahani aliangua kilio. Safari hii sikuyashuku machozi yake.

"Chandarua kilikuwa kimechomekwa," nikasema. "Pande zote."